Kabati Lililokula Unga wa Watoto

Katika nyumba nyingi za askari, mshahara wa mwisho wa mwezi husaidiwa na mradi mdogo. Wako wafugao kuku, wako washonao, na wako wanunuao samani kuukuu kwa bei nafuu, wakazitengeneza na kuziuza tena. Mradi huu wa mwisho hupendwa kwa sababu faida yake huonekana kwa macho: kiti kilichoingia uani kikichechemea hutoka kikiwa imara na kinang'aa. Lakini macho si daftari, na wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wa jambo hilo wapatikana Dzaleka, katika nchi jirani ya Malawi.

Dzaleka imo katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka mji mkuu wa Lilongwe. Zamani za utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wakazi wake wamezidi 50,000, na wengi wao wametoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda. Ndiyo maana Kiswahili husikika huko kila siku sokoni. Askari wa Tanzania na Malawi waliokwenda Kongo mwaka 2013 katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, wanaifahamu nchi ambayo wengi wa watu hao waliikimbia.

Utaratibu wa Serikali ya Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na atakaye kutoka sharti awe na ruhusa. Mwezi wa Machi 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka. Msaada wa chakula nao umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo mwenye ufundi mikononi hana budi kuutumia.

Na achukuliwe fundi seremala mmoja wa mfano, mwenye mke na watoto wanne. Tarakimu zifuatazo ni za mfano pia, wala si bei za soko. Hata hivyo njia ya hesabu ni ile ile kwa fundi yeyote.

Fundi huyu ajua mbao. Afahamu kwamba samani mpya nyingi nchini humo hutengenezwa kwa msonobari utokao katika misitu iliyopandwa ya Viphya, na kwamba kabati kuukuu la mlombwa, mti ule ule uitwao mninga na Waswahili, likitengenezwa vema laweza kudumu kuliko jipya. Alipata kabati la namna hiyo Lilongwe kwa kwacha 60,000. Akaliuza kwa kwacha 110,000. Jioni ile alimwambia mkewe kwa furaha, "Mama Watoto, leo tumepata elfu hamsini."

Mkewe alishukuru, kisha akasema kwa upole, "Baba Watoto, mbona kila kabati likiuzwa unga hupungua ndani?"

Swali hilo halikuwa la ugomvi. Mama huyo ndiye aliyekuwa akitoa fedha ya chakula kila mumewe alipokwama: leo nauli, kesho misumari, keshokutwa msasa. Hakuna aliyeandika, kwa sababu kila kilichotolewa kilikuwa kidogo. Usiku ule walichukua daftari la shule la mtoto, wakakaa karibu na taa, na kukumbuka moja baada ya jingine.

Fundi alikwenda Lilongwe mara mbili, maana safari ya kwanza alirudi mikono mitupu. Nauli ya safari zote mbili ilikuwa kwacha 12,000. Kulisafirisha kabati pamoja na malipo ya wachukuzi kulichukua kwacha 12,000 nyingine. Msasa, gundi, misumari na bawaba, 7,000. Vanishi na mafuta ya kuiyeyushia, 9,000. Ubao wa mgongo ulikuwa umebunguliwa na wadudu, jambo ambalo hakuligundua sokoni, na kuubadili kulimgharimu kwacha 5,000. Jumla ni kwacha 45,000. Katika ile elfu hamsini zilibaki kwacha 5,000.

Hata hizo hazikuwa zake zote. Randa, patasi na msumeno huchakaa, na siku moja vitahitaji kununuliwa vingine. Ikiwa zana za kwacha 24,000 hutengeneza samani kwa mafungu 24 kabla ya kwisha, basi kila fungu limekula kwacha 1,000. Zikabaki 4,000 kwa kazi ya siku nne, yaani kwacha 1,000 kwa siku. Fundi alinyamaza. Kibarua wa kawaida angeikataa kazi kwa malipo hayo.

Mkewe akafungua ukurasa wa pili na kuuliza habari za vile viti vinne vya mwezi uliopita, ambavyo fundi mwenyewe aliviona kuwa kazi ya kitoto. Vilinunuliwa pamoja kwa kwacha 40,000 na kuuzwa 20,000 kila kimoja, yaani 80,000. Nauli ya safari moja, 6,000, kuvisafirisha, 4,000, vifaa, 8,000, uchakavu wa zana, 1,000. Jumla 19,000. Zilibaki kwacha 21,000 kwa kazi ya siku tatu, sawa na kwacha 7,000 kwa siku. Viti vilivyodharauliwa ndivyo vilivyowalisha watoto, na kabati la fahari ndilo lililokuwa likila unga wao.

Iko hasara nyingine ambayo haishikiki mkononi. Mwezi wa Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola 1 iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Fundi aliyeuza kwa mkopo kabla ya hapo, akalipwa baada ya hapo, alipokea idadi ile ile ya noti lakini si thamani ile ile, kwa kuwa vifaa vitokavyo ng'ambo hupanda bei thamani ya fedha inaposhuka. Funzo lake ni kwamba bei haipangwi kwa kuangalia chombo kilinunuliwa kwa kiasi gani tu. Yafaa kuuliza pia: kingine cha namna hii kitanunuliwa kwa kiasi gani kesho? Na anayeuza kwa mkopo aandike tarehe ya kulipwa, apokee kwanza fedha zitakazotosha kurudisha gharama zote.

Gharama ya afya nayo isisahauliwe. Vumbi la mbao hudhuru kifua, na rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo yakikwanguliwa na kuvutwa au kuliwa na mtoto huweza kuharibu akili yake. Kazi ya msasa na ifanyiwe nje, mbali na jiko na watoto. Rangi ya zamani ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, fundi afunike pua na mdomo, na avue nguo za kazi kabla ya kuwapakata watoto.

Kwa familia za askari iko hatari moja zaidi, nayo ni uhamisho. Amri ikija, samani zilizolala uani haziwezi kungoja mnunuzi mwema. Huuzwa kwa bei ya kutupa, au husafirishwa kwa gharama inayozidi thamani yake. Kwa hiyo familia ya kota isinunue chombo cha pili kubwa kabla cha kwanza hakijauzwa.

Daftari lenyewe si kazi ngumu. Kila fungu la samani lipewe ukurasa wake. Juu iandikwe tarehe na bei ya kununulia. Chini yake kiandikwe kila kinachotoka, siku ile ile kinapotoka, hata kama ni misumari ya senti chache. Safari iliyorudi mikono mitupu iandikwe pia, na gharama yake ibebwe na chombo kitakachofuata. Siku za kazi zihesabiwe, pamoja na zile za mke na watoto waliosaidia kupiga msasa, kwani jasho lao nalo ni mtaji. Mwisho, kilichobaki kigawanywe kwa idadi ya siku hizo. Fedha ya mradi iwekwe mbali na fedha ya chakula, na anayeazima huku kupeleka kule aandike deni.

Fundi wa mfano hakuacha useremala. Aliacha makabati ya kwenda kuyasaka mbali, akashika viti, vigoda na meza ndogo ambazo safari moja huleta nyingi. Siku alipoletewa kabati mlangoni kwake na mwenyewe, akalipwa ufundi tu, alilipokea kwa moyo mkunjufu, maana nauli na ubao uliobunguliwa havikuwa juu yake. Na kila Jumamosi, kabla ya kuzima taa, mkewe humsomea ukurasa wa wiki. Iwapo wiki ilikuwa na hasara, wote wawili huijua siku hiyo hiyo, unga ungali umo ndani.