Pedali ya mafuta inapokwama: gia ambayo madereva wa Afrika Mashariki wameonywa wasiitumie

Taarifa za ajali za barabarani, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, zina msamiati wake uliozoeleka: mwendokasi, hitilafu ya breki, dereva kushindwa kulimudu gari na kuacha njia. Maneno hayo hueleza zaidi jinsi ajali ilivyoishia kuliko jinsi ilivyoanza. Gari linalozidi kuongeza mwendo kwa sababu pedali ya mafuta imenasa chini na haitaki kurudi linaweza kuandikwa katika fungu lolote kati ya hayo, na pedali yenyewe isitajwe kabisa.

Namna ya kulisimamisha gari la aina hiyo inajulikana, na haihitaji kifaa chochote. Dereva akanyage breki kwa nguvu zote, mara moja, bila kuachia. Aliondoe gari kwenye gia na kuliweka huru. Alielekeze pembeni mwa barabara. Na injini izimwe baada ya gari kusimama. Ugumu wa jambo hili katika eneo letu hauko kwenye fundi wala kwenye vipuri. Uko katika yale ambayo dereva amefundishwa kwa miaka mingi, na ambayo katika dharura hii humpeleka upande usiofaa.

Somo lililochunguzwa kuliko yote linatoka Marekani. Tarehe 28 Agosti 2009, huko Santee karibu na San Diego, gari aina ya Lexus ES 350 lilishika kasi isiyozuilika, likagonga gari jingine kwenye makutano na kutumbukia bondeni. Watu wanne wa familia moja walifariki dunia. Aliyekuwa kwenye usukani hakuwa mwanagenzi: alikuwa askari wa doria ya barabara kuu za California, siku hiyo akiwa nje ya kazi. Gari lilikuwa la kuazimwa kutoka kwa muuzaji wakati lake likifanyiwa matengenezo, na ndani yake palikuwa na kapeti ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina nyingine. Wachunguzi walihitimisha kwamba kapeti hiyo ndiyo iliyoibana pedali.

Lipo jambo jingine katika uchunguzi huo ambalo halikupata umaarufu kama simu ya mwisho iliyopigwa kutoka ndani ya gari hilo. Siku chache kabla, mteja mwingine aliazimwa gari hilohilo na kupatwa na mkasa uleule. Pedali ilinasa, gari likaenda mbio. Yeye alikanyaga breki kwa nguvu, akaweka gia huru, akaegesha kando, kisha akainasua kapeti. Alipolirudisha gari alitoa taarifa mapokezini. Gari moja, kapeti moja, madereva wawili, na kilichowatenganisha ni sekunde chache za uamuzi. Tena askari yule alikuwa na kikwazo cha ziada: gari lilikuwa likiwashwa na kuzimwa kwa kitufe, na likiwa mwendoni kitufe hicho kilihitaji kushikiliwa kwa takriban sekunde tatu ndipo injini izimike. Mtu anayeazima gari kwa siku moja hana sababu ya kulijua hilo.

Mkasa wa Santee ulifungua mlango wa mambo makubwa. Mwaka huohuo Toyota iliyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu ya kapeti, na Januari 2010 ikaongeza mengine yapatayo milioni 2.3 kwa kasoro tofauti: pedali zilizokuwa zikigandamana na kuchelewa kurudi. Tarehe 24 Februari 2010 rais wa kampuni hiyo, Akio Toyoda, aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kuomba radhi. Wataalamu wa shirika la anga la nchi hiyo, NASA, walioombwa kuupekua mfumo wa kielektroniki wa magari hayo, walitoa matokeo yao Februari 2011 wakisema hawakukuta kasoro ya umeme inayoweza kuueleza mwendo huo wa ghafla. Hata hivyo suala halikuishia hapo. Mwaka 2013 jopo la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliitia Toyota hatiani kuhusu Camry ya mwaka 2005, baada ya kusikiliza ushahidi wa wataalamu wa programu za kompyuta. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza uchunguzi wa jinai kuhusu namna ilivyowaeleza wateja na serikali juu ya tatizo hilo.

Kwa dereva wa kawaida, jibu lenye manufaa zaidi halikutoka mahakamani. Jarida la magari la Car and Driver lilichukua Camry yenye injini ya nguvu za farasi 268, likaikanyaga mafuta hadi mwisho na, bila kuachia, likakanyaga breki. Kutoka mwendo wa kilomita 113 kwa saa gari lilisimama ndani ya mita 58 hivi, ilhali bila mafuta lilihitaji mita 53. Tofauti ni mita tano tu. Kwa mwendo wa kilomita 160 tofauti iliongezeka, lakini gari lilisimama vilevile. Kwa maneno mengine, breki nzima huishinda injini.

Huishinda, ila kwa sharti moja, na hapa ndipo wengi huponzwa. Breki za magari mengi ya petroli husaidiwa na mvutano wa hewa unaotoka kwenye injini, na ndio unaoufanya mguu usihitaji nguvu nyingi. Mvutano huo hupatikana pale mlango wa hewa wa injini unapokuwa umefungwa au unakaribia kufungwa. Pedali ikinasa chini, mlango hubaki wazi na mvutano hautengenezwi tena. Kinachobaki ni akiba ya kutosha kukanyaga mara moja au mbili. Dereva anayepampu breki, akanyage na kuachia kama alivyoshauriwa afanye breki zinapokuwa laini, huimaliza akiba hiyo kwa mikono yake mwenyewe, au tuseme kwa mguu wake. Baada ya hapo pedali ya breki huwa ngumu kama jiwe. Anayekanyaga kidogo kidogo kwa muda mrefu naye huzichemsha breki hadi zikapoteza uwezo wa kushika. Ndiyo maana agizo ni moja: kwa nguvu zote, na mguu usiinuliwe.

Baadaye inakuja gia huru, ambayo madereva wengi huiita nyutro au frii. Katika Afrika Mashariki gia hii ina sifa mbaya, na sifa hiyo haikuzuka bure. Kwenye miteremko mikali kama Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, au barabara inayoshuka kutoka Bugarama kuingia Bujumbura, madereva wa malori na mabasi huonywa kila mara wasitie frii ili kubana mafuta. Gari zito lililoachiwa huru mteremkoni hukosa msaada wa injini, breki hupata moto, na matokeo yake yanafahamika. Kwa breki zilizokataa, ushauri sahihi ni kushusha gia ili injini ilivute gari nyuma.

Pedali iliyokwama ni kinyume chake. Hapa injini ndiyo adui, na kushusha gia ni kumwongezea nguvu. Dereva aliyefunzwa jambo moja tu, kwamba gari likimshinda ashushe gia na kamwe asitie frii, atafanya kosa akiamini anafuata kanuni. Kwa hiyo sekunde ya kwanza ni ya kutambua: je, gari halipungui mwendo kwa sababu breki hazishiki, au linaongeza mwendo kwa sababu injini inanguruma ilhali mguu umeshaondolewa kwenye mafuta? Sikio hutoa jibu mapema kuliko jicho.

Kwenye gari la gia za mkono kazi ni nyepesi: kanyaga klachi, ondoa gia. Kwenye otomatiki, kisukumwe kijiti hadi N. Katika magari mengi kijiti hutoka D kwenda N kwa kusukumwa mbele tu, bila kubonyeza kitufe. Baadhi ya magari ya haibridi, kama Prius, huhitaji kijiti kishikiliwe kwenye N kwa muda mfupi. Injini itapiga kelele za kutisha, na kelele hizo huwafanya wengine wairudishe gia wakidhani wameharibu kitu. Magari ya kisasa hukata mafuta yenyewe mzunguko wa injini ukizidi kiwango. Injini ya zamani huenda ikaumia kweli, na hiyo ni hasara ya fundi.

Kuzima injini gari likiwa mwendoni ni njia ya akiba, pale gia inapokataa kutoka. Ufunguo urudishwe hatua moja tu. Ukichomolewa, usukani unaweza kujifunga, na gari lisilo na usukani ni balaa kuliko lenye mwendo. Hata bila kuchomoa ufunguo, injini ikizimika usukani huwa mzito. Hendibreki haifai kuwa tegemeo la kwanza, kwani ikivutwa ghafla huyafunga magurudumu ya nyuma na kuligeuza gari. Wala mtu asiiname kuivuta kapeti gari likiwa linakwenda. Wakati huo macho na mikono vina kazi nyingine.

Kuna hali moja inayofanana na hii kwa sura lakini si yenyewe. Injini chakavu ya dizeli yenye tabo inaweza kuanza kunyonya na kuunguza oili yake yenyewe. Hupandisha mzunguko bila kukoma, hufuka moshi mzito, na haizimiki hata ufunguo ukizungushwa. Katika gari la gia za mkono, gia kubwa, breki yote na klachi ikiachiwa huweza kuilazimisha izime. Ikishindikana, gari likishasimama abiria washuke na kukaa mbali. Kuweka nyutro hapo kunaiachia injini ijivunje.

Chanzo cha kawaida cha pedali kunasa, kwa bahati mbaya, ni kitu cha kudharaulika. Kapeti za mpira zinazouzwa kwenye foleni za Dar es Salaam na Nairobi hukatwa kwa kipimo cha wote, na mara nyingi hutandikwa juu ya kapeti ya asili bila ndoano za kuzishikilia. Chupa ya maji huviringika kutoka chini ya kiti. Ndala hunasa. Katika magari ya zamani yanayotumia waya kufungua mafuta, waya huchakaa na kukwama ndani ya ganda lake, au springi ya kurudisha hulegea. Dereva akianza kuhisi pedali inarudi kwa uvivu, hilo ni jambo la kumfikisha kwa fundi siku hiyohiyo.

Suala la magari kuitwa kwa marekebisho ni gumu zaidi. Mwenye gari jipya hupata barua kutoka kwa muuzaji. Gari lililotumika Japan, likapita mnadani, likashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam na kuuzwa tena mara mbili, limeshaziacha barua hizo mbali. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Uganda tangu 2018 imeweka ukomo wa miaka 15. Sheria hizo hupima umri. Hazimfikishii mnunuzi wa nne habari kwamba pedali ya gari lake ilipaswa kubadilishwa. Anachoweza kufanya ni kuichukua namba ya chesisi na kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, au kumwomba wakala wa kampuni aikague.

Teknolojia imesogea. Baada ya mwaka 2010 watengenezaji wengi waliweka mfumo unaoipa breki kauli ya mwisho: pedali zote mbili zikikandamizwa, kompyuta hupuuza ile ya mafuta. Lakini hata magari mapya hayajaepukana na mikasa. Aprili 2024 Tesla iliyaita magari 3,878 ya aina ya Cybertruck baada ya kubainika kwamba bamba la pedali linaweza kuchomoka na kujibana; sabuni iliyotumika kiwandani kulainishia ndiyo iliyolifanya lisishike.

Japan, inakotoka sehemu kubwa ya magari ya ukanda huu, inapambana na jamaa wa tatizo hili, yaani dereva kukanyaga mafuta akidhani ni breki. Mwaka 2019 katika mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, dereva mwenye umri wa miaka 87 aliwaua mama na mtoto wake wa miaka mitatu. Alidai gari lilikuwa na kasoro; mahakama iliona vingine na mwaka 2021 ikamhukumu miaka mitano jela. Serikali ya huko imeamua kwamba kuanzia Septemba 2028 magari mapya ya otomatiki yawe na kifaa cha kuzuia kosa hilo pale penye kizuizi mbele. Kwa ukomo wa sasa wa umri, gari lililoundwa siku chache kabla ya tarehe hiyo bila kifaa hicho litaweza kuingia Kenya kihalali hadi mwaka 2036, na Uganda hadi 2043. Kujua mahali ilipo N, kwa upande mwingine, kunahitaji uwanja mtupu, mwendo wa kilomita 30 na mwalimu mwenye subira.