Giza la Vioo Liondolewe Barabarani

Msafiri atokaye Bomeni, Taveta, kwenda Voi hukata mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako ndovu huvuka barabara wapendapo, hasa jioni na usiku. Safari hiyo yamtaka dereva mwenye macho makini na vioo visivyomziba. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba wapo wenye magari nchini wanaobandika karatasi nyeusi kwenye vioo kwa ajili ya urembo tu.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari la abiria kuwa na vioo vya giza. Mei 2014, baada ya mabasi mawili kulipuliwa katika barabara ya Thika, serikali ilisisitiza marufuku hiyo. Sababu yake ni wazi: askari aweze kuona waliomo, na abiria aliye taabani aweze kuonekana na walio nje.

Watetezi wa vioo hivyo husema jua la Taveta ni kali. Ni kweli. Lakini mwanga unaopotea si mdogo kama wanavyodhani, na walimu wa hisabati wanaweza kulithibitisha hilo darasani. Kioo kinachopitisha asilimia 80 ya mwanga, kikibandikwa karatasi inayopitisha asilimia 50, hubakiza asilimia 40 pekee. Usiku, dereva huyo ataona nini?

Wengine watasema marufuku yahusu matatu na mabasi pekee. Hata hivyo, ndovu haulizi gari ni la nani, wala mtoto avukaye njia akienda shuleni. Uingereza imeweka tarakimu kwa magari yote yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1, 1985: kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na madirisha ya ubavuni mwa dereva asilimia 70. Askari hupima kwa chombo, hakisii kwa macho.

Twawasihi wakuu wetu watangaze kiwango bayana kwa magari ya watu binafsi pia, na kuwapa askari vipimo. Sheria ni msumeno: isimkate mwenye matatu huku ikilipigia saluti gari la mkubwa. Nazo shule zikodishapo basi, mwalimu na akague vioo kabla mwanafunzi hajapanda. Vikiwa vyeusi, basi hilo lirudishwe kwa mwenyewe.