Kawia ufike

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaongoja nyumbani,

Mgodini hatumlaumu kapita anayefunga njia kwa sababu mawe ya juu hayajapimwa. Mbona basi, kwenye kiwanja cha ndege cha Kalemie, tunamnung’unikia rubani anayesema: «Tungoje mawingu yapite»?

Rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa macho anahitaji kuona ardhi na upeo wa mbingu. Ndani ya wingu haoni kitu, na sikio, linalotupa usawa wa mwili, linamdanganya: ndege imelala upande, yeye anadhani imenyooka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasiozoea kuruka kwa kufuata vyombo. Wote walishindwa kuiongoza ndege, kwa wastani katika sekunde 178. Hazifiki dakika 3!

Kwetu kuna ziwa mashariki, na kusini milima ya Marungu inayopita mita 2000. Kule Bukoba, Tanzania, mji wa ziwani kama wetu, tarehe 6 Novemba 2022 ndege kubwa kuliko hizo ndogo ilitaka kutua katika mvua, ikaangukia Ziwa Victoria. Kati ya watu 43, 19 walikufa.

Wengi tunamsukuma rubani kwa kuogopa kukosa kazi. Kwa hiyo wakuu nao wasaidie: siku ya kungoja ndege isihesabiwe kuwa utoro. Na sisi abiria tunyamaze. Kazi itatungoja, watoto wanatutaka tukiwa wazima.