Tunataka karatasi za tarehe 15 Juni



Kuna sheria moja fupi ambayo watu wengi wa Katanga hawajaiona kwa macho yao, lakini uchungu wake wameuonja, wao wenyewe ao wazazi wao. Ni sheria ya Ubelgiji ya tarehe 15 Juni 1960. Kazi yake ilikuwa kubadili kifungu cha 110 cha ile Loi fondamentale, Sheria ya Msingi ya Kongo. Siku 15 tu zilikuwa zimebaki mbele ya uhuru. Nyumba ilikuwa imekwisha kuahidiwa mwenyewe, na mpangaji anayefunga mizigo akabadili kufuli ya mlango mmoja.

Wazee wanakumbuka. Vijana tuwaeleze. Sheria ya Msingi ilitoka Bruxelles tarehe 19 Mei 1960, vifungu 259, kisha mazungumzo ya Meza ya Duara ya Januari na Februari mwaka ule. Ilipigiwa kura na Bunge la Wabelgiji na kutiwa mkono na Mfalme wa Wabelgiji, Baudouin. Kifungu cha 110 kilisema kwamba baraza la jimbo haliwezi kuchagua serikali ya jimbo kama theluthi mbili za wajumbe hawapo. Katika Katanga wajumbe waliochaguliwa walikuwa 60. Conakat ya Moïse Tshombe ilipata viti 25. Kartel, ndiyo Balubakat ya Jason Sendwe pamoja na Fedeka na Atcar, ilipata 23. Waliobaki walikuwa wa vyama vidogo na watu wasio na chama.

Fanya hesabu mwenyewe, ndugu. Theluthi mbili za 60 ni 40. Watu 23 wa Kartel wakikaa inje, ndani wanabaki 37. Watu 37 hawawezi kufanya serikali. Basi kifungu kile hakikuwa mapambo: kilisema kwamba katika jimbo lililogawanyika nusu kwa nusu, hakuna upande utakaotawala peke yake kabla ya kusemezana na mwingine.

Kartel ilitoka inje, sababu haikuridhika na mambo ya uchaguzi. Viti vikabaki vitupu. Wengine wanasema mpaka leo kwamba lilikuwa kosa, kwamba mtu anayetoka katika baraza anawaachia wengine meza. Huenda. Sisi hatuandiki leo ili kumtakasa mtu. Na Wabelgiji walikuwa na neno lao: tarehe 30 Juni inakuja, kila jimbo lazima liwe na serikali, hatuwezi kungoja watu wanaosusa. Ni neno la mtu mwenye haraka, na si neno la bure. Lakini angalia dawa waliyochagua. Hawakuwaita watu wa pande mbili wakae pamoja mpaka wapatane. Walishika sheria, wakaondoa kizuizi cha theluthi mbili. Sheria imetoka tarehe 15 Juni. Tarehe 16 Juni Tshombe amechaguliwa prezida wa jimbo. Tarehe 11 Julai, siku 25 baadaye, ametangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa mtu wa Manono ao wa Kabalo. Vijiji vya kaskazini vilichomwa moto. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikoma Januari 1963. Hatusemi karatasi moja ilizaa yote hayo. Union Minière na fedha zake, na maofisa Wabelgiji waliobaki katika jeshi la Tshombe, hawakuwa wanaongozwa na kifungu cha 110. Lakini serikali ile iliyojitenga ilipata kiti chake kwa njia ya sheria, na sheria ile ilikuwa na mkono wa mtu chini yake. Tunataka kujua mkono ule ulifikaje pale.

Hapa ndipo tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana mambo ya sheria yana kona nyingi. Watu wengi wanafikiri sheria inazaliwa siku ya kura. Sivyo. Katika Ubelgiji ya mwaka 1960, baraza la wabunge lilipiga kura, Seneti ilipiga kura, na bado hakukuwa na sheria. Mfalme anatakiwa akubali, ndiyo wanayoita sanction, kisha aitangaze kuwa sheria. Tarehe inayobebwa na sheria ya Ubelgiji ni siku ya mkono wa Mfalme. Kwa hiyo tunaposema sheria ya 15 Juni, tunasema siku ambayo Baudouin alitia mkono. Tena mkono wa Mfalme peke yake hauna nguvu: katiba yao inataka ministri mmoja aweke wa kwake pembeni, na ministri yule ndiye anayebeba mzigo. Kisha ministri wa haki anabandika muhuri wa serikali, na maneno yanachapwa katika Moniteur, gazeti la sheria la serikali. Kila mlango unaopitwa unaacha karatasi.

Maneno ya sheria yenyewe si siri, yamechapwa, na mtu anaweza kuyasoma. Tunachotaka ni safari yake. Nani alileta wazo la kwanza? Telegramu gani zilitoka Elisabethville kwenda Bruxelles katika siku zile, na zilitiwa mkono na nani? Maministri walisemaje katika baraza lao? Mfalme alipelekewa barua gani ya kumweleza, na mashauri ya watu gani? Je, kuna mtu aliyeandika kwamba jambo hili ni la hatari? Na saa: kura ilipigwa saa ngapi, mkono ulitiwa saa ngapi, na habari ilifika Elisabethville saa ngapi, hata kesho yake serikali ikapatikana?

Kuna watakaosema: munasumbuka bure, Mfalme wa Ubelgiji anatia mkono kila kitu anacholetewa, ni desturi tu. Watu hao tunawakumbusha mwaka 1990. Bunge lao lilikuwa limekubali sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Baudouin yuleyule akasema dhamiri yake haimruhusu kutia mkono. Basi maministri walitangaza kwamba Mfalme hawezi kutawala kwa muda, wakatia mkono wao kwa pamoja, na tarehe 5 Aprili Bunge likamrudisha katika kiti chake. Wengi walimsifu kwa uthabiti wake. Hatubishani na dhamiri ya mtu katika mambo ya dini yake. Lakini tangu siku ile hakuna anayeweza kutuambia kwamba mkono wa Mfalme ulikuwa mashini. Aliweza kukataa. Kwa hiyo kukubali kwake katika Juni 1960 kulikuwa tendo la mtu, na tendo la mtu lina sababu, na sababu hupatikana katika karatasi.

Haki ya kuomba tunayo. Katiba ya Ubelgiji, katika kifungu cha 32, inasema kila mtu anaweza kusoma maandiko ya ofisi za serikali na kupewa nakala, isipokuwa pale sheria inapokataza. Inasema kila mtu. Haikusema kila Mbelgiji. Sheria yao ya tarehe 11 Aprili 1994 inapanga namna ya kuomba: unaandika barua, unataja jambo unalotafuta. Na kwa karatasi za zamani zilizowekwa katika Hifadhi ya Serikali, zamani ilitakiwa miaka 100 ipite. Mwaka 2009 walishusha ikawa 30. Karatasi za Juni 1960 zilitimiza miaka 30 katika Juni 1990, miezi miwili tu baada ya yale mambo ya dhamiri.

Tunajua jibu moja litakalokuja: karatasi za Palais ya Mfalme si karatasi za ofisi. Sawa, tulijibu mapema. Hakuna mkono wa Mfalme bila mkono wa ministri, na ministri ana ofisi, na ofisi ina faili. Kama mlango wa Palais ni mzito, tupige hodi katika nyumba ya ministri. Tena mlango wa Palais umekwisha kufunguliwa mara moja. Tume ya Bunge la Ubelgiji iliyochunguza kifo cha Lumumba, iliyotoa ripoti yake mwaka 2001, iliwapeleka wataalamu wake kusoma karatasi za Mfalme. Humo ilionekana barua ya Oktoba 1960, ya ofisa Mbelgiji aliyekuwa kando ya Tshombe, iliyowapa watu wa Palais habari kwamba maisha ya Lumumba yako hatarini. Kwa miaka 40 watoto wa marehemu waliishi bila kuijua barua hiyo. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Bila zile karatasi, nani angetamka neno?

Tangu hapo tumepewa majuto. Mfalme Philippe aliandika juu ya majuto yake tarehe 30 Juni 2020. Tume nyingine ya Bunge lao, ya mambo ya ukoloni, ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikavunjika katika Desemba 2022 kwa kushindwa kupatana juu ya neno la kuomba radhi. Tuliwatazama wakibishana kama waseme neno ao wasiseme. Sisi neno hatukuliomba. Tunaomba nakala.

Na nakala hizo zisibaki Bruxelles. Mtu wa Kabalo atoe wapi franka za ndege, na nani atampa viza kwa kusema anakwenda kusoma telegramu? Ziletwe Lubumbashi, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi na mzee wanaweza kuingia bila kuulizwa wametumwa na nani. Zifasiriwe kwa Kiswahili pia. Sheria ile ilitungwa kwa Kifaransa na Kiflama, ikaamua maisha ya watu waliokuwa wanalia kwa Kiswahili na Kiluba.

Wakubwa wa Kinshasa nao wasichekelee wakifikiri tunasema na wazungu tu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 140, inampa Prezida siku 15 za kutangaza sheria tangu alipoletewa. Zikipita, sheria inahesabiwa imetangazwa kwa haki yake. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Nani kati yetu amepata kuonyeshwa siku sheria ilipoingia katika ofisi ya Prezida na siku ilipotoka? Tukijifunza kuomba Bruxelles, tutajua kuomba hata nyumbani.

Barua ya kwanza itaandikwa kwa jina la watu wengi, na kila mmoja ataweka mkono wake waziwazi, pamoja na jina la kijiji chake. Avoka mmoja wa kuisoma kabla haijaenda atatosha. Wale ambao baba zao waliketi katika baraza lile la jimbo, wa Kartel ao wa Conakat bila ubaguzi, tunawaomba wafungue masanduku ya nyumbani. Barua ya kuitwa kikaoni, picha, daftari, hata kipande cha gazeti cha Juni 1960, kileteni kinakiliwe na mrudishiwe siku ileile. Karatasi za Bruxelles zitakapofika, tuwe na za kwetu mkononi za kuzilinganisha.