Daftari la Seva Lisimfukuzishe Mtu Kazi Bila Kuchunguzwa



Mahudhurio, likizo na hati za mshahara sasa huwekwa katika kompyuta. Kila ukurasa wa kampuni unapofunguliwa, kompyuta inayoutoa, yaani seva, huandika katika daftari lake saa, ukurasa ulioombwa na namba ya anwani ya mwombaji. Daftari hilo likiletwa mbele ya kamati ya nidhamu huonekana kama ushahidi usiopingika. Sisi tunasema lichunguzwe kwanza.

Seva nyingi hazikutani na waombaji moja kwa moja. Mbele yake huwekwa kompyuta nyingine, proksi, inayopokea maombi yote na kuyapeleka ndani. Ni kama askari wa getini anayepokea barua zote na kumpelekea karani. Karani akiandika aliyemkabidhi kila barua, ataandika jina la askari kutwa nzima. Ndivyo zifanyavyo programu za nginx na Apache zisiporekebishwa: kwa kila ombi huandikwa namba ya proksi.

Dawa ipo. Proksi ikipangwa hivyo, huongeza katika ombi mstari uitwao X-Forwarded-For, wenye namba ya aliyelileta. Lakini mwombaji naye aweza kuuandika mstari huo kabla ya kufika getini, akatia namba ya mwenzake. Proksi ikiongeza namba iliyoiona yenyewe, huiweka mwishoni. Zilizotangulia hazina mdhamini. Kwa hiyo fundi lazima aieleze seva ni proksi ipi ya kuaminiwa, kisha afunge njia ya kuifikia seva bila kupita getini. Katika nginx kuna agizo la set_real_ip_from, na Apache ina mod_remoteip tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012. Hakuna kisingizio.

Tena, hata namba iliyo sahihi ni ya mashine au mtandao, si ya mtu. Ofisi nzima yaweza kutoka nje kwa namba moja.

Hatupingi kuweka kumbukumbu. Daftari safi humlinda pia mfanyakazi anayesingiziwa. Tunadai mambo matatu:

Kwanza, mwajiri aeleze kwa maandishi namba zilizo katika daftari zimepatikanaje.

Pili, daftari la proksi na la seva yalinganishwe, na saa zake ziwe sawa.

Tatu, mshtakiwa na mwakilishi wake wayaone kabla ya shauri. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za mtu mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, na zote zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizowekwa.

Wawakilishi wa matawi, ulizeni maswali haya sasa, kabla mwenzenu hajapewa barua ya kuachishwa kazi.

Umoja ni nguvu.