Mwizi Aliyekwisha Kufungwa Kamba



Wapendwa Taifa la Mungu, mwizi anapouawa na umati, kauli inayosikika ni moja: “Alistahili.” Nasi tuliokomunika asubuhi ile ile twaitikia. Juma hili tuitafakari kauli hiyo.

Kanisa halimkatazi mtu kujilinda. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba tendo la kujilinda laweza kuzaa mambo mawili: kuokoka kwetu na kifo cha mshambulizi. Tunalolikusudia ni lile la kwanza, na nguvu isizidi kiasi kinachohitajika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelipokea fundisho hilo (namba 2263 na 2264). Hapo haliulizwi swali la nani anastahili kufa. Kinachopimwa ni hatari.

Mgonjwa wa akili akitujia na panga, hastahili adhabu yoyote. Hata hivyo twaruhusiwa kumzuia, hata ikibidi kwa nguvu kubwa. Papa Yohane Paulo II alimkumbuka mshambulizi wa namna hiyo katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995 (namba 55). Kinyume chake, mwizi aliyekwisha kufungwa kamba ana hatia, na adhabu anaistahili. Lakini hatari imekwisha. Anayempiga jiwe hajilindi tena. Amejifanya hakimu, na akimwua, ameua.

Sheria ya Musa iliona tofauti hiyo zamani. Katika Kutoka sura ya 22, anayemwua mwizi avunjaye nyumba usiku hana hatia ya damu; jua likiisha kuchomoza, anayo. Mwizi ni yule yule, wizi ni ule ule. Kilichobadilika ni giza lililomnyima mwenye nyumba njia nyingine.

Mtasema: “Tukimpeleka polisi, kesho tutamwona mtaani.” Uchungu huo twaujua, na ni haki kudai mahakama zitende kazi yake. Lakini udhaifu wa mahakama haugeuzi kisasi kuwa kujilinda. Tena umati hausikilizi utetezi. Mpita njia naye huitwa mwizi, akafa.

Basi, usiku kelele zikipigwa, tutoke. Tuilinde nyumba ya jirani, tumkamate mwizi, tumwite mwenyekiti wa mtaa. Kisha lifanyike lililo gumu zaidi: mmoja wetu asimame kati ya mtu yule na mawe. Sisi sote tunaishi kwa huruma tusiyoistahili.