Mteremko Aukokotoe Nani?

Kila transista iliyomo ndani ya chipu ilianza kama fungu la milinganyo. Kabla kiwanda hakijagusa silikoni, mhandisi huichora saketi kwenye kompyuta na kuiachia programu ya kuigiza saketi ikokotoe volteji na mikondo, na programu hiyo haiijui transista ila kwa modeli iliyoandikwa na mtu. Kwa miaka mingi modeli hizo ziliandikwa ndani kabisa ya SPICE, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika matoleo yake ya baadaye ziliandikwa kwa lugha ya C. Kisha, mwaka 1996, ikatoka Verilog-A, lugha ya kuelezea maunzi ya analogi. Ilivutia, ila kwa modeli za semikondakta ilipungukiwa. Mwaka 2003 Laurent Lemaitre, Geoffrey Coram, Colin McAndrew na Ken Kundert walipendekeza iongezewe vitu kadhaa kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na mwaka 2004 nyongeza hizo zikaingia katika toleo la 2.2 la mwongozo rasmi wa Verilog-AMS unaosimamiwa na Accellera.

Mpaka leo nakutana na wahandisi wanaozilaumu nyongeza zile na hata wazo lenyewe. Nimeandika modeli kwa C, nimeandika kwa Verilog-A, na lawama hizo naona nyingi hazisimami.

Inayorudiwa kuliko zote ni hii: C ina kasi, kwa hiyo anayejali kasi aandike C, na kuipanua Verilog-A ni kupoteza muda. Hapa inabidi kwanza tukumbushane programu ya kuigiza inafanya nini. Inatafuta jibu kwa mbinu ya Newton: inakisia volteji, inapima kosa, inafuata mteremko hadi kwenye makisio mapya, na kurudia hivyo mpaka kosa liwe dogo la kutosha. Basi haiwezi kutosheka na mkondo. Inadai pia derivativu, yaani mteremko wa mkondo huo dhidi ya kila volteji inayougusa. Kwa daiodi hilo ni jambo la mstari mmoja. Transista ya MOS ina ncha nne, ina mikondo na chaji, na milinganyo yake hujaza kurasa nyingi. Ukifungua msimbo wa C wa BSIM4, modeli ya Berkeley iliyotoka mwaka 2000, utaona karibu kila kiasi kikifuatwa na derivativu zake, moja kwa kila volteji, zote zimekokotolewa na binadamu na kuandikwa kwa mkono. Fizikia ipo humo, lakini imefunikwa na hesabu hiyo hata msomaji haioni.

Tena kosa la derivativu lina hila ya pekee: katika utafutaji huo wa Newton halileti jibu baya. Programu ikifanikiwa kufika, inafika mahali sahihi, kwa sababu mahali pa kufikia panaamuliwa na mkondo, wala si mteremko. Kinachoharibika ni safari. Inachukua duru nyingi zaidi, au inazungukazunguka bila kufika. Niliwahi kusahau alama moja ya kutoa katika derivativu ya chaji. Majaribio yote ya transista moja yalipita. Saketi ya transista mia mbili ikagoma, nami nikakaa siku nne nikiilaumu saketi.

Kwa Verilog-A, mwandishi huandika kwamba mkondo kati ya nodi mbili unachangiwa na mlinganyo fulani, basi. Kompaila inatoa derivativu yenyewe, kwa kanuni zilezile za kalkulasi tulizofundishwa darasani, na haichoki ukurasa wa arobaini. Mwandishi akitaka kuutumia mteremko huo, kwa mfano amwonyeshe mhandisi unyeti wa transista mahali inapofanyia kazi, nyongeza za 2004 zilimpa opereta ddx: anataja kiasi na volteji, anapewa derivativu. Kabla ya hapo ilimlazimu arudi kwenye kalamu na karatasi.

Na kasi? Ni kweli kwamba programu za mwanzo ziliisoma Verilog-A mstari kwa mstari wakati wa kukokotoa, na zilikuwa nzito. Lakini huo ulikuwa udhaifu wa kompaila, haukuwa wa lugha. Lemaitre na wenzake huko Motorola walishaonyesha mwaka 2002, kwa zana yao ADMS, kwamba Verilog-A inaweza kugeuzwa kuwa C kwa mashine. Siku hizi OpenVAF, ambayo ni programu huria, huigeuza modeli moja kwa moja kuwa msimbo wa mashine. Anayepima leo na kuona uzito, aikague kwanza modeli yake.

Kuna wanaosema hata kama lugha inafaa, haikuwa na haja ya kuongezwa kitu, kwa kuwa kila parameta ina thamani ya msingi na mwandishi anaweza kupanga mambo kwa masharti. Anayesema hivyo hajawahi kuandika modeli ya MOS. Tangu SPICE ya zamani, volteji ya kizingiti ina sheria yake: mtumiaji akiitaja, tumia yake, asipoitaja lakini ametaja kiwango cha uchafuzi wa silikoni, ikokotoe kutoka hapo. Sharti hapa linahusu iwapo parameta imetajwa au la, na thamani peke yake haiwezi kukujibu. Mtu aliyeandika 0 kwa makusudi na mtu ambaye hakuandika kitu wanafanana kabisa machoni pa modeli. Njia ya kukwepa ilikuwa kuweka thamani ya ajabu, namba hasi kubwa ambayo hakuna mwenye akili angeichagua, kisha kuitafuta. Nyongeza ya $param_given inauliza swali lenyewe na kupata jibu lenyewe. Ni neno moja tu, na ulaghai wa namba za ajabu umekwisha.

Lawama nzito zaidi inahusu ukomo wa volteji. Wanasema kudhibiti hatua za Newton ni kazi ya programu ya kuigiza, na kumpa mwandishi wa modeli amri kama $limit ni kumwingiza jikoni kusikomhusu. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu kwa jumla ni kweli kwamba modeli na mkokotoaji wakae mbalimbali. Ila itazame daiodi. Mkondo wake hukua kwa eksponenti ya volteji ikigawanywa kwa milivolti kama 26 kwenye joto la chumba. Makisio ya Newton yakirukia volti 19, na hurukia, jibu la eksponenti linapita namba kubwa kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kushika katika biti 64, na kazi inaishia hapo. SPICE ililitatua hili zamani kwa kuizuia volteji ya kiungo isiruke mno kati ya duru na duru. Lakini ili kuzuia, lazima ujue ni volteji ipi ndiyo ya kiungo, na mkunjo wake unaanza kuwa mkali wapi. Programu inayopokea milinganyo mitupu haijui. Mwandishi anajua.

Lugha ya mwanzo ilikuwa na limexp, ila hiyo hushika eksponenti tu. Waliojaribu kuizuia volteji kwa masharti ndani ya modeli walizua balaa jingine: programu haikuambiwa kwamba volteji imebadilishwa, ikaweza kutangaza imefika ilhali haijafika. Kwa $limit pande zote mbili zinajua. Mwandishi anataja volteji na aina ya kizuizi, programu inazuia, na inajua kwamba duru hiyo haihesabiwi kuwa mwisho.

Wengine hudai kila muuzaji wa programu angejiongezea anavyotaka, bila haja ya kiwango cha pamoja. Modeli yenye amri ya muuzaji mmoja haihami, na modeli isiyohama haina faida kwa kiwanda ambacho wateja wake wanatumia programu tano tofauti. BSIM-CMG ya transista za FinFET, na PSP iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State na Philips, husambazwa kwa Verilog-A ileile kwa wote.

Lipo moja ninalolikubali. Nyongeza hazikumzuia mwandishi mbaya. Kigeu kikipewa thamani katika tawi moja la sharti na kutumiwa nje yake, hubaki na thamani ya duru iliyopita, na modeli inakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna aliyeikusudia. Uchambuzi wa kawaida unaweza kupita salama, ule wa saketi za redio ukavunjika. Coram aliwaonya waandishi juu ya hilo mwaka 2004, na onyo lake bado linahitajika. Kompaila nzuri ingelipigia kelele.

Mwisho wananiambia haya yote ni mambo ya kampuni kubwa zenye leseni za bei ya kutisha. Kwa miaka mingi walikuwa na haki. Sasa IHP, taasisi ya Ujerumani, imeweka wazi data za kubuni chipu kwa mchakato wake wa nanomita 130. Transista zake za MOS zimeelezwa kwa PSP. Modeli inapitishwa kwenye OpenVAF, kisha inaingia katika ngspice, na hakuna hatua inayodai senti. Mwanafunzi wa Nyeri au Mbeya mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kupakua faili anaweza usiku huu kufungua modeli ya transista halisi, akasoma mlinganyo wa mkondo wake bila kuvuka misitu ya derivativu, akabadilisha kipande kimoja na kuona mkunjo unavyosogea.